Mbao za Ensio Huko Chini

Thunder Bay
Jumapili, 8 Februari 1981

Mdogo wangu Taisto,

Salamu zikufikie kabla hazijaganda njiani. Huku tuko salama ya kutosha. Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni, na juzi nilifukua gari la watu kwa saa nzima nikidhani ni letu. Hilkka wa kanisani ameteleza akavunjika mkono, na sasa anautembeza mkono huo nyumba kwa nyumba apate kahawa na mkate wa iliki. Kwangu amekuja mara nne. Wewe mafua yako yamekwisha? Wateja bado wana nywele?

Ensio anakusalimu.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka huko chini ya nyumba yetu: sakafu ya zege, kuta nne za zege, mashine ya kufulia, na sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, pembeni, kitu pekee ambacho mume wangu alikimaliza. Tangu mwaka 1962 amekuwa akiniambia, "Baridi ijayo, Lempi, nitazivika hizi kuta mbao." Zimepita baridi kumi na tisa. Amezivika nyumba za nusu ya mji huu, yetu ikabaki uchi. Mganga hajigangi. Oktoba hatimaye alileta mbao, zile za inchi mbili kwa nne, akazipanga vizuri kama vijiti vya kiberiti, akapiga mstari wa chaki sakafuni. Kazi ikaishia hapo.

Nimeamua kuzijenga mwenyewe. Usicheke bado, nisubiri nifike mbele. Nina miaka sitini na moja. Nimewapikia watoto wa shule supu kwa miaka ishirini na saba, na chombo kikali nilichowahi kukimudu ni kisu cha viazi. Jana niliuangalia msumeno wa Ensio, na naapa ulinitazama kwa dharau.

Nimeanza na zege lenyewe. Ukilifunika zege lenye unyevu, mbao zinaoza kimyakimya na wewe unapaka rangi juu yake ukijisifu. Kwa hiyo nilibandika vipande vya nailoni ukutani, nikavizungushia utepe pande zote, nikaviacha wiki mbili. Kila asubuhi nilishuka kuvichungulia kama mtoto mwenye surua. Vitatu vimekauka kabisa. Cha pembe ya kaskazini kilikuwa na matone nyuma yake. Maji ya paa yanamwagikia pembe ile ile, kwa hiyo theluji ikiyeyuka nitalisogeza bomba la paa mbali na msingi, na kabla ya hapo ukuta huo siugusi.

Utauliza Ensio anasemaje. Anasema hapana. Niliposhika nyundo alisema hapana, nami nikaendelea kugonga.

Dada yako,
Lempi


Vancouver
24 Februari 1981

Dada Lempi,

Barua yako imenikuta nikiwa mzima, mkavu sitasema, kwa sababu mvua hapa haijui likizo. Mafua yalikwisha yakaniachia kikohozi cha kumbukumbu. Wateja wanapungua nywele lakini maneno yanaongezeka, kwa hiyo biashara iko palepale.

Kuhusu kuta, umemwandikia mtu sahihi. Ni kweli sijajenga hata banda la kuku, lakini wajenzi wote wa mtaa huu hukaa kwenye kiti changu, na nimewauliza kwa niaba yako. Mmoja amesema mbao ya chini usiilaze moja kwa moja juu ya zege, uitandikie karatasi ya lami kwanza. Wa pili amesema uache upenyo wa inchi moja kati ya mbao zako na zege, zisigusane kama wakwe wasiopatana. Wa tatu amesema umwite fundi. Huyo nilimkata sikio kidogo, kwa bahati mbaya.

Mimi mwenyewe uzoefu wangu ni rafu moja. Niliitundika juu ya kioo mwaka juzi, ikakaa siku sita, ya saba ikamwangukia mzee mmoja aliyekuwa amejaa sabuni ya ndevu. Alidhani ni sehemu ya huduma.

Ila kuna jambo, Dada. Shemeji yangu yuko wapi katika hadithi hii? Yule ni mtu aliyewahi kuninyang'anya nyundo nikitundika picha ya Mama, akasema naumiza ukuta. Leo akuachie mbao zake, akae tu na kusema hapana? Jumapili nilipiga simu ukaniambia yuko sauna. Nikasema sawa. Mfikishie salamu akitoka.

Mdogo wako,
Taisto


Thunder Bay
22 Machi 1981

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako na ya wajenzi wako watatu. Baridi imelegea. Hilkka ametolewa plasta, sasa anatembeza kovu. Mchungaji amehubiri juu ya nyumba iliyojengwa kwenye mwamba, na watu watano waligeuka kunitazama, maana habari zimeenea.

Karatasi ya lami nimeitandika. Upenyo wa inchi moja nimeuacha. Misumari ya zege nimepinda kumi na moja kabla ya mmoja kukubali, na huo mmoja nadhani ulinionea huruma.

Ukuta wa kwanza niliuunda sakafuni, kama nilivyomwona Ensio akifanya. Unalaza mbao ya juu na ya chini, katikati unapanga za kusimama, kila inchi kumi na sita, unagonga misumari, kisha unainua kitu kizima. Nilipima kutoka sakafuni hadi kwenye boriti mara tatu. Nikakata mbao ukuta mzima uwe sawasawa na kipimo. Nikajisifu. Nikainua.

Ukuta ukafika nusu ya njia, ukakwama. Nikausukuma kwa bega. Ukakwama zaidi. Ensio alikuwa amekaa kwenye kigoda chake juu ya ngazi.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hapana."

"Umepinda?"

"Hapana."

"Basi ni mrefu?"

Akanyamaza, na siku hizi ndivyo anavyokubali. Kumbe ukuta uliolala ukiuinua, pembe yake hupita juu zaidi ya kimo chake kabla haujasimama wima. Mtoto wa darasa la sita anajua hesabu hiyo. Mimi niliwapa hao watoto supu tu. Ilibidi niushushe wote, nipunguze inchi nzima kwenye kila mbao ya kusimama, na kuziba pengo la juu kwa vipande.

Ukuta wa pili ndio wa aibu. Ni ule unaotenga chumba kipya na mashine ya kufulia. Huo niliujenga papo hapo, umesimama, mbao baada ya mbao, nikiimba. Nilipogonga msumari wa mwisho nikageuka kuchukua kahawa yangu. Kahawa ilikuwa upande wa pili. Na msumeno ulikuwa upande wa pili. Mlango sikuuacha. Nafasi kati ya mbao na mbao ni inchi kumi na nne na nusu, na mimi, ndugu yangu, si mtu wa inchi kumi na nne na nusu tangu vita viishe. Nilijaribu kwa ubavu nikabaki katikati kama barua nene kwenye tundu la sanduku.

Ensio alicheka hadi kigoda kikalia. Kisha akashuka ngazi, zote kumi na mbili, akafika chini akanisogezea nyundo kwa mguu. Nilifurahi mno hata nikasahau kuwa bado nimekwama.

Njoo wakati wa sikukuu ya katikati ya kiangazi. Barafu ya ziwani itakuwa imeyeyuka na kitanda chako kipo.

Lempi


Vancouver
14 Aprili 1981

Dada Lempi,

Hapa miti imechanua na mimi napiga chafya. Nimewasomea wateja habari ya ukuta usio na mlango, na mmoja alicheka nikiwa na wembe kooni mwake. Tafadhali ukiandika tena vitu kama hivyo uweke onyo juu ya bahasha.

Lakini nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko walivyoisikia wao. Umeandika kwamba mumeo alishuka ngazi. Umezihesabu. Umesema ulifurahi mno. Dada, mtu akishuka ngazi za nyumbani kwake, mkewe hafurahi mno. Hata hatambui.

Nimepiga simu mara tatu tangu Februari. Mara tatu shemeji yuko sauna. Nimewaza, ni mtu gani anayekaa sauna kuanzia Februari hadi Aprili? Angekuwa ameiva akatengana na mifupa.

Kama kuna ugonjwa hapo, niambie. Au usiniambie. Nimekaa na kalamu hii nusu saa na bado sijui nataka lipi kati ya hayo mawili. Unanijua.

Kwenye sikukuu sitaweza kuja. Kuna mambo ya duka, paa linavuja, na kijana wa kunishikia kiti sina. Nisalimie Ensio, popote alipo.

Taisto


Thunder Bay
Jumapili, 28 Juni 1981

Mdogo wangu Taisto,

Salamu. Sikukuu imepita. Moto uliwashwa ufukoni, mbu walikula kuliko wageni. Nimekaa miezi miwili bila kukujibu, na si kwa sababu ya kazi.

Ensio alipata kiharusi Novemba iliyopita, tarehe kumi na tisa, akifunga kamba za viatu. Mbao zilikuwa tayari chini, na mstari wa chaki. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yote yakaondoka. Walimrudisha nyumbani kabla ya Krismasi. Akalala akageukia ukuta. Sizungumzi kwa mafumbo, Taisto, aligeuza uso ukutani na hakutaka kugeuka. Supu alikunywa nikimlazimisha. Daktari alisema mkono unaweza kurudi kidogo, na maneno pia, lakini mgonjwa mwenyewe lazima atake. Ensio hakutaka. Alinitazama kama mtu anayemtazama kondakta wa treni iliyochelewa.

Katikati ya Januari nilishuka chini kugonga msumari wa kamba ya nguo. Kwenye moja ya zile mbao zake. Ukapinda. Nikaupiga tena ukapinda upande wa pili. Nikapiga ubao, nikapiga kidole, nikautukana msumari kwa maneno ambayo Mama hakunifundisha. Na kutoka juu, kitandani, nikasikia sauti: "Hapana."

Nilisimama pale na nyundo. Lilikuwa neno la kwanza tangu Novemba. Nikaogopa nimelisikia vibaya, basi nikagonga tena, safari hii kwa makusudi, kwa upande wa nyundo, kama mtu anayepondaponda samaki.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana."

Ndivyo nilivyokuwa fundi. Sikuwa nataka chumba chochote huko chini. Nilitaka aendelee kukasirika. Wiki ya pili alikaa kitandani asikie vizuri. Wiki ya nne alijikokota hadi kwenye kigoda juu ya ngazi. Machi alishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine. Sasa anashuka akishika ukuta, anakaa juu ya rundo la mbao, ananionyesha kwa mkono wa kushoto. Neno ni lilelile moja, lakini analisema kwa sauti kumi na tano tofauti, na zote nazielewa.

Mbao zimesimama zote. Bomba la paa nimelisogeza na pembe ya kaskazini imekauka. Magodoro ya sufi ya kioo, ya kuzuia baridi, yako katikati ya mbao na nimewashwa mwili mzima kwa siku tatu. Nailoni iko juu yake, upande wa chumbani, ambako joto liko. Ubao wa jipsamu wa kwanza, ule mweupe wa kufunika yote hayo, nimeupigilia juma lililopita.

Na hapo ndipo shida yangu ilipo. Nimeanza kuijua kazi. Makosa yananiishia, Taisto. Nakaa na kahawa nikitafuta kosa jipya, nikilifanya anatambua kuwa naigiza, anageuza uso pembeni. Juzi alikaa saa mbili bila kusema kitu kwa sababu ubao ulikaa vizuri, na jioni hakumaliza chakula. Nahitaji mtu asiyejua kabisa, asiyejua kwa moyo wake wote. Nimeupitia ukoo mzima kichwani, na ni wewe.

Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua utafanya nini. Usingefanya kitu. Ungeandika kuhusu paa la duka, kama mwaka 1961 Mama alipokuwa akikuulizia. Mara ya kwanza nilikusamehe. Sikuwa na hakika ya mara ya pili, nikaona heri nisikupe nafasi.

Sasa nakupa.

Lempi


Vancouver
Jumapili, 16 Agosti 1981

Dada Lempi,

Barua yako ya Juni imefika Ijumaa. Watu wa posta waligoma, na ilikaa kwenye gunia mahali fulani wiki sita na zaidi. Wiki zote hizo mimi nilikuwa nikinyoa watu na kuwaambia, "Dada yangu amenuna." Nilipiga simu mara moja, ukasema yuko sauna, na sauti yako ilikuwa kama unasubiri niseme kitu. Nikasema habari za mvua. Sasa naelewa ulidhani nimeipata barua na nimeimeza. Sikuwa nimeipata, Dada. Ingawa sikulaumu kudhani hivyo, maana hata mimi ningedhani.

Nikuambie kuhusu mwaka 1961. Nilikuja.

Hujui, hakuna anayejua. Telegramu yako ilisema Mama ana siku chache. Nilipanda treni siku hiyohiyo, nikasafiri siku tatu, na mikate miwili mitamu ya kumletea kwenye mfuko. Nikashuka stesheni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikakaa kwenye benchi nijikusanye. Nikamfikiria Mama alivyokuwa, na nikafikiria atakavyokuwa, na miguu ikakataa. Nilikaa pale muda wa saa nne. Nikala mkate mmoja, halafu nikala wa pili. Kisha ikaja treni ya kurudi, nikapanda. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi, na safari nzima matokeo yake ni kwamba nilinenepa.

Sijawahi kuwa na paa linalovuja. Duka langu liko chini ya ghorofa tatu.

Miaka ishirini nimeshika vichwa vya watu wazima na wenye afya, natania, na mtu akikohoa vibaya namwambia aje wiki ijayo. Ndiyo ukweli wote, na ni mdogo kuliko nilivyokuwa nikiuficha.

Umesema unahitaji mtu asiyejua kabisa. Sijawahi kuitwa mahali kwa sifa hiyo, na ni sifa ninayoistahili. Nitafika Jumamosi tarehe tano Septemba. Nisubiri stesheni, Dada. Usinisubiri nyumbani. Simama palepale treni inaposimama, na ukiniona nimekaa kwenye benchi nishike kola.

Taisto


Thunder Bay
Jumapili, 18 Oktoba 1981

Mdogo wangu Taisto,

Salamu kutoka kwetu wawili. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Hilkka anasema anasikia kizunguzungu karibu na mlango wangu kila nikioka.

Umeniomba kwenye simu niandike yote kwa tarehe na sahihi, kwa sababu wateja wako hawakuamini. Haya, wasomee kwa sauti.

Mimi, Lempi, nathibitisha kwamba ndugu yangu alifika tarehe tano Septemba, na hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele yake kwa muda, nikamshika kola, tukaenda. Nathibitisha kwamba siku ya kwanza hakuweza kumtazama shemeji yake usoni. Aliongea na kofia yake. Aliiambia kofia habari za Vancouver kwa saa nzima, na Ensio akawa ananitazama mimi kama anayeuliza huyu naye amepatwa na nini.

Jumatatu nilimkabidhi ukuta mdogo wa stoo kando ya sauna, mbao na jipsamu na kila kitu, nikamwambia ajenge anavyoona. Nilimpa pimamaji akairudisha. Alisema, "Mimi napima kwa jicho, Dada. Kichwa cha mtu kina pande mbili na sijawahi kusawazisha upande mmoja tu." Alifanya kazi siku tatu. Wasikilizaji, nimefanya makosa mengi mwaka huu, mengine nimeyatunga kwa bidii, lakini kipaji ni kipaji. Ukuta ule ulilalia kushoto chini na kulia juu. Tundu la swichi alilikata upande ambao hakukuwa na swichi, na alipolikata la pili akaliziba la kwanza kwa kadibodi ya biskuti. Puti, ule uji mweupe wa kuziba maungio, alipaka kama mtu anayempaka mtoto sabuni akiwa amefumba macho.

Ensio alikaa juu ya rundo la mbao siku zote tatu bila kusema hata hapana. Nilianza kuogopa. Uso ulikuwa unaiva taratibu kuanzia shingoni. Jumatano adhuhuri Taisto akarudi nyuma hatua mbili, akajifuta mikono kwenye suruali, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni.

"Shemeji," akasema, "unaonaje?"

Ensio akafungua mdomo. Nilijua neno litakalotoka, ni moja tu alilonalo.

"Bomoa," akasema.

Taisto akanigeukia. "Amesema nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Umesema nini, shemeji?"

"Bomoa."

"Wote?"

Ensio akavuta pumzi kana kwamba anainua gunia. "Wote."

Mimi nilikaa chini. Nilichokikalia kilikuwa ndoo ya puti, na kifuniko hakikufungwa. Nililia nikiwa ndani ya puti, na hilo pia nalithibitisha kwa sahihi yangu. Taisto alikuwa akicheka na kamasi zinamtoka. Kisha tukaubomoa, wote. Ensio aliomba nyundo kwa mkono, akachomoa msumari mmoja kwa mkono wa kushoto, ikamchukua dakika kumi, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Jipsamu zilizopona tuliziweka kando, tukaanza upya kwa pimamaji. Na asubuhi ya kuondoka Taisto alimweka Ensio kwenye kiti cha jikoni, akamfunga taulo shingoni, akamnyoa. Alianza na upande ulio hai. Upande uliokufa aliunyoa polepole zaidi. Hakusema utani wowote. Nilikuwa sijawahi kumwona akinyoa kimya.

Mwisho wa ushahidi. Yanayofuata usiwasomee.

Tangu uondoke ameongeza maneno saba. Matano ni matusi ya kazini. Nilibakiza ukuta mmoja tu wa kupaka puti na msasa, ule wa kaskazini, kisha rangi, kisha basi. Nikauacha wiki nzima. Nikaosha madirisha. Nikapanga kabati la viungo kwa herufi. Nikasema mgongo unauma, ukauma kweli kwa aibu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijiambia, siku nikimaliza, atanikataza nini? Atageukia ukuta tena, na safari hii utakuwa ukuta mzuri.

Alhamisi tarehe nane nilikuwa namenya viazi, yeye ameketi mezani. Akagonga meza kwa kidole. Nikatazama. Akaelekeza kidole chini, sakafuni, na tunajua kuna nini chini ya sakafu.

"Mgongo," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akanitazama kwa muda mrefu, na nilijua kwamba amejua, si tangu wiki ile, ni tangu zamani, pengine tangu ule msumari niliougonga kwa upande wa nyundo. Alikuwa amenikatalia mwaka mzima kwa sababu aliona nahitaji kukatazwa. Huyu ndiye mtu niliyedhani namdanganya mimi.

"Lempi," akasema. Jina langu, Taisto, na sijalisikia tangu alipokuwa akifunga kamba za viatu. "Lempi. Maliza."

Basi nikamaliza. Tabaka tatu za puti, msasa, rangi nyeupe mara mbili. Yeye alishika taa ili vivuli vionyeshe mabonde. Jana tuliweka meza na viti viwili, tukanywa kahawa huko chini, kuta zimetuzunguka, hakuna baridi ya zege. Pembe moja imepinda kidogo. Nimeweka kabati mbele yake. Ameiona, maana hakuna asichokiona, na amenyamaza kwa hiari yake mwenyewe.

Dada yako,
Lempi